Kukaa Bure

Nilijua Jeevanjee Gardens miaka mingi kabla sijajua kwamba Jeevanjee alikuwa mtu. Kwangu lilikuwa jina tu la mahali, kama Kencom au Odeon. Pale unapomwambia rafiki "tupatane hapo" kisha mnatafutana nusu saa.

Nilikuwa nimemaliza chuo. Kila wiki nilipanda matatu kuja tao na bahasha ya kaki yenye vyeti, na kila asubuhi mathe alinipa onyo lile lile mlangoni: "Na usiende kukaa bure huko." Kwa mathe, kukaa bure ndiko mwanzo wa kila baya lililowahi kumpata kijana wa mtaa wetu. Lakini mahojiano yakiwa saa nane, na wewe umefika saa nne kwa kuogopa jam, utakaa wapi? Nilijaribu ngazi za jengo fulani. Mlinzi akaniuliza, "Unangoja nani?" Nikamwambia simngoji mtu. "Basi songa." Nilijaribu mkahawa. Chai ilikuwa sawa na nauli yangu ya kuja na kurudi. Nikavuka barabara, nikaingia Jeevanjee. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akasogea kidogo kwenye benchi bila hata kuinua macho. Hakuniuliza nangoja nani.

Tangu hapo nimepata kazi, nikaipoteza, nikapata nyingine, na bado naenda pale. Kwa hivyo niruhusu nifanye jambo ambalo kwa kawaida tunawafanyia waandishi na wanamuziki: nihakiki bustani. Maswali ni yale yale. Kazi hii inataka kufanya nini? Inamfanyia nani? Na imeshindwa wapi?

Tuanze na vilivyomo. Jeevanjee ni kama ekari tano katikati ya jiji. Moi Avenue iko upande mmoja, Muindi Mbingu Street upande wa pili, na Monrovia na Moktar Daddah zinafunga pande zilizobaki. Ndani kuna njia za kutembelea, nyasi, miti mikubwa yenye kivuli cha maana, benchi, sanamu, na choo cha kulipia. Ni hivyo tu. Hakuna boti kama za Uhuru Park. Hakuna uwanja wa mpira. Ukimwambia mtu wa matangazo aorodheshe vifaa vya burudani vya hapa, atamaliza kabla chai yake haijapoa.

Lakini kaa siku nzima uone. Asubuhi benchi ni za watafuta kazi. Utawajua kwa bahasha na viatu vilivyopigwa rangi hadi kwenye nyufa. Karibu saa sita wahubiri wanaingia, kila mmoja na mti wake, mmoja akitangaza mwisho wa dunia na mwingine, hatua ishirini mbele, akiahidi kwamba mwaka huu utajenga. Saa saba watu wa ofisi wanateremka kula walichobeba kutoka nyumbani, maana mwezi uko kona. Wapiga picha wanazunguka wakikuonyesha picha za watu wengine waliotabasamu. Kuna wapenzi ambao hawajaamua kama ni wapenzi. Na daima kuna mtu amelala kifudifudi kwenye nyasi, viatu chini ya kichwa ili visije vikapata miguu mingine.

Hayo yote yanabebwa na vitu viwili, yaani kivuli na mahali pa kuweka makalio. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inapoingia. Benchi hazitoshi. Ikifika saa saba utaona watu wazima wenye suti wamekalia ukingo wa saruji. Na choo cha kulipia ndani ya bustani ya bure ni jambo ambalo sijawahi kulielewa. Bustani inakuambia kaa, choo kinakuambia usikae sana.

Sasa huyo mwenye jina.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alikuja pwani ya Afrika Mashariki akafanya biashara, na reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa alipata zabuni za kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia mahitaji yao. Alianzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, kisha akaliuza. Ndilo babu wa The Standard tunalolijua leo. Baadaye akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Alikufa mwaka 1936. Mwaka 1906, Nairobi ikiwa bado mji mchanga, mabati na matope, alitoa kipande hiki cha ardhi kiwe bustani ya umma.

Hadithi hii husimuliwa kama ya tajiri mkarimu, lakini isome tena polepole. Pesa ya bustani haikudondoka kutoka mtini. Takriban Wahindi 32,000 waliletwa kujenga ile reli, na karibu 2,500 kati yao walikufa wakiijenga. Aliyekuwa na zabuni alitajirika. Aliyekuwa na sururu alizikwa kandokando ya njia. Hao hawana bustani. Pia jiulize alimpa nani. "Watu wa Nairobi", sawa, lakini mwaka 1906 watu wa Nairobi walikuwa akina nani? Mwafrika alihesabiwa katika mji huu kama mikono ya kazi, wala si mtu wa kupumzika ndani yake. Nikikaa pale leo na bahasha yangu, nakaa juu ya zawadi ambayo sidhani aliyeitoa alikuwa na picha yangu kichwani.

Lakini Jeevanjee mwenyewe naye alikuwa anabisha mlango. Miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwazuia Wahindi kupata ardhi katika nyanda za juu, zilizotengewa Wazungu. Hapa kuna mtu tajiri kuliko wengi wa wale Wazungu, mwenye majengo na meli, anayeambiwa kwamba kuna udongo asioweza kuumiliki. Anafanya nini? Anatoa udongo alio nao. Na katikati yake anasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, ambayo ilizinduliwa mwaka huo wa 1906 na mwana wa malkia mwenyewe, Duke of Connaught.

Mimi naisoma ile sanamu kama barua ya maombi iliyochongwa kwa jiwe. "Mheshimiwa, tazama nilivyo mwaminifu." Na kama barua nyingi za maombi ambazo mimi na wewe tumewahi kuandika, haikujibiwa. Victoria alisimama pale zaidi ya miaka mia moja, akapita uhuru, akapita marais, njiwa wakimfanyia wanavyofanyia sanamu zote. Mwaka 2015 mtu au watu wakamvamia, kichwa kikang'olewa. Sitajifanya nililia. Ila kusema kweli, wengi tuliokuwa tunakaa pale tulikuwa hatujawahi kumtazama. Kama kazi ya sanaa alikuwa amekufa kitambo. Aliyemvunja alithibitisha tu. Kilichokuwa hai pale ni benchi zilizomzunguka.

Na hizo benchi zilikaribia kwenda. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walikuwa na mpango wa kuweka pale jengo la maegesho ya magari na maduka. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1989, Uhuru Park ilikuwa imelengwa kwa mnara wa ghorofa 60, na Wangari Maathai akausimamia kidete, akaandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, hadi mnara ukafa. Kwa Jeevanjee aliyesimama mbele alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa yule mzee. Alipiga kelele hadharani, wakaazi wa jiji wakapiga pamoja naye, na mpango ukarudishwa kabatini. Baadaye, mwaka 1997, akachapisha kitabu kuhusu babu yake, Challenge to Colonialism. Ukikisoma utaona kwamba yeye pia hakulinda nyasi tu. Alikuwa analinda kumbukumbu ya kwamba Wahindi wa Kenya waliwahi kuwa na ugomvi na ukoloni, si duka tu.

Mantiki ya mipango yote miwili ilikuwa moja, na bado inaishi nasi: ardhi hiyo inakaa bure. Hebu lisikilize hilo neno. Ni neno la mathe, lile lile. Kwa Kiswahili chetu bure ni kitu usicholipia, na pia ni kitu kisicho na thamani. Tukisema "huyu ni bure kabisa" hatumaanishi kwamba hana bei. Kwa hivyo kiwanja kisichotoa risiti kinaonekana kimelala, na kijana asiyetoa risiti anaonekana mhalifu mtarajiwa. Mwenye mnara na mlinzi wa ngazi wanazungumza lugha moja: kila aliye hapa aseme anangoja nani, au asonge.

Ndiyo maana napenda kwamba barabara ya upande ule mwingine ina jina la Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kuwapunguzia watu wa Ukambani mifugo kwa nguvu, wanaume, wanawake na watoto walifunga safari hadi Nairobi kutaka kumwona gavana. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Hawakuvunja kitu. Walikaa. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, na walipozidi kukaa alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Lamu. Miaka 54 baadaye, Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park, kwenye kona ambayo leo tunaiita Freedom Corner, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Nao walikaa. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na gesi, baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao, laana ambayo kila askari aliyelelewa na mama aliielewa. Wakahamia All Saints Cathedral, hapo karibu, wakakaa tena, karibu mwaka mzima.

Sisi tumezoea kudhani kwamba siasa ni kutembea, yaani maandamano, mabango, kukimbia gesi. Mwaka 2024 tulitembea sana. Lakini historia ya jiji hili inasema kwamba kinachowasumbua wakubwa zaidi ni watu waliokaa chini na hawana haraka. Anayetembea atachoka arudi nyumbani. Aliyekaa utamfanya nini?

Jeevanjee inajua hilo. Tangu miaka ya 1990 kuna Bunge la Mwananchi, mduara wa watu wanaokutana hapo kujadili nchi. Wana spika, wana hoja, wana taratibu, na ukimkatiza mwenzako utaambiwa ukae ungoje zamu yako. Wanachama wake wamewahi kukamatwa, na mduara ukarudi. Kama unajali maneno, nenda usikilize. Nimesikia pale hotuba ambazo zingeweza kusimama jukwaa lolote la ushairi mjini: mtu anaanza na bei ya unga, anapitia deni la taifa, anashuka kwa babu yake aliyenyang'anywa shamba, anamaliza na mzaha unaowafanya hata wapinzani wake wapige makofi. Hakuna kipaza sauti. Ukiboa, watu wanageuka tu kusikiliza mhubiri wa jirani. Huo ndio uhakiki mkali zaidi niliouona Nairobi.

Hapa nilikuwa nimepanga kumaliza kwa kusifu. Kisha nikamsomea dadangu mdogo rasimu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Kwa huo mduara, wasichana ni wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kichwani. Nikakumbuka mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye huwanyamazisha wote. Nikakumbuka mwingine, labda.

"Wewe unakaa bure," akasema. "Mimi nikikaa hapo dakika tano, kuna mtu amekuja kuniuliza nangoja nani."

Swali la mlinzi! Lile lile nililokimbia. Kwangu liliishia kwenye ngazi za jengo. Kwake linamfuata hadi ndani ya bustani, hadi kwenye benchi, na anayeuliza hajavaa sare. Mwezi Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo kwenye stage mchana kweupe hapa jijini, wanawake walikusanyika Uhuru Park wakaandamana kudai haki ya kuwa tao wakiwa wamevaa watakavyo. Walianzia bustanini. Lakini nikimsikiliza dadangu, bustani yenyewe bado haijawafikia. Kwa hivyo ile sentensi niliyoipenda, kwamba Jeevanjee haikuulizi unangoja nani, nimeirekebisha. Haimuulizi mwanamume. Na bustani ya umma ambayo nusu ya umma inapita kwa haraka ikishika mkoba kifuani bado ni rasimu.

Hilo linarekebishika, na halihitaji jengo la maegesho. Linahitaji benchi nyingi zaidi zinazotazamana na njia, taa zinazowaka jioni, choo ambacho msichana anaweza kuingia bila kutafuta sarafu wala kuogopa mlango. Linahitaji pia sisi wanaume tujifunze sanaa ya yule mzee wa gazeti, yaani kusogea na kunyamaza.

Nasema haya kwa sababu siku hizi jiji lina homa ya ukarabati. Uhuru Park, iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969, ilifungwa mwaka 2021 itengenezwe, na kwa muda mrefu tulipita kando tukichungulia. Sina ugomvi na usafi. Napenda njia zisizo na mashimo na watoto wenye mahali pa kuchezea. Lakini bustani ikirudi, usihesabu tu vilivyoongezwa. Hesabu pia vilivyopunguzwa. Je, bado unaweza kuingia bila kusema unachokuja kufanya? Je, watu 50 wanaweza kukaa mduara wakabishana kuhusu bajeti bila kuombwa barua? Je, mtu anaweza kulala kifudifudi? Bustani nzuri ya kupigia selfi si lazima iwe bustani nzuri ya kukaa. Na siku Jeevanjee ikija kutengenezwa vizuri, maana ikitengenezwa itasemwa ni kwa ajili yetu, naomba mchoraji wa ramani akae pale wiki moja kwanza, kuanzia saa nne asubuhi, na bahasha ya kaki mkononi.

Mwaka huu mathe alikuja tao kuonwa na daktari wa macho. Tulimaliza mapema kuliko tulivyodhani na miguu yake ilikuwa imevimba. Nikamwambia kuna mahali tunaweza kupumzika. Alipoona ni Jeevanjee akanitazama jicho la zamani, lakini miguu ilikuwa imeshaamua. Kijana mmoja mwenye vyeti akasogea, tukaketi.

Mathe akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Akamsikiliza mhubiri kidogo, akatikisa kichwa. Mafundisho yake yalikuwa na kasoro. Akamsikiliza mtu wa Bunge, akacheka kabla hajajizuia. Robo saa ikapita, ikawa nusu saa. Kisha akanigeukia.

"Na hapa tunangoja nini?"

"Hatungoji kitu, mama."

Nilidhani atasimama. Akauweka mkoba chini kati ya miguu, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Basi usinihimize," akasema.